Mkienda Forsyth Park msiishie kwenye chemchemi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama ni ndefu sana mnaweza kupunguza mnapotaka ila ya katikati muyaache maana ndo yaliyonifanya niandike.

Mi nakaa Georgia, Marekani, na ndugu na jamaa wakija kututembelea huku safari ya kwanza wanayoitaka ni Savannah, ule mji wa zamani wa pwani, kutoka Atlanta ni kama masaa manne kwa gari. Ukiwauliza mnaenda kuona nini wanakutolea simu wanakuonyesha picha, na picha ni ileile kila siku: njia ndefu imenyooka, mialoni mikubwa pande zote mbili imekutana juu, mwisho wa njia kuna chemchemi nyeupe inarusha maji. Hapo ni Forsyth Park. Na nyie kwenye kurasa zenu za safari mliweka hiyohiyo, mkaandika ni pazuri, panafaa kwa maharusi, mkamaliza. Sawa, ni pazuri kweli, sibishi. Ila hamjatuambia hata robo.

Nianze na uzuri wenyewe nisije nikaonekana nina kinyongo. Ni ekari 30 hivi katikati ya mji na hamna geti, hamna tiketi, hamna mlinzi wa kukuuliza unaenda wapi, unaingilia upande unaoutaka. Kaskazini ndo kuna miti na chemchemi, kusini ni uwanja wa nyasi, wanafunzi wa chuo cha sanaa wanacheza mpira, mbwa wanafukuzana, watu wametandika shuka wanakula, na Jumamosi asubuhi wakulima wanaleta mboga na asali. Ile mialoni sasa, matawi yake yamekwenda pembeni kuliko yalivyokwenda juu, mengine yameshuka mpaka mtoto anaweza kuyashika, na yananing'iniza yale majani ya kijivu kama ndevu za babu. Wageni wengi wanadhani mti unaumwa, au wanadhani ile kitu inaunyonya. Hapana jamani, ni mmea unaojitegemea, hauna mizizi ya kushuka ardhini, maji unayatoa hewani na kwenye mvua, na ukoo wake ni mmoja na nanasi, amini usiamini. Mti umeubeba tu. Ila yaliyoanguka chini msiyaokote mkayavaa kichwani kupigia selfi, yana wadudu, mtajikuna mpaka mjute.

Na visubi je, mbona havitajwi? Savannah ina visubi hatari, vidogo huvioni, unasikia tu umeshaumwa shingoni na kwenye vifundo vya miguu, na vinapenda sana miezi ya Machi na Aprili ambayo ndo maua yamechanua na watalii wamejaa. Mji wenyewe ulishawahi kuwa na timu ya besiboli inaitwa kwa jina la hivyo visubi. Vaeni soksi.

Chemchemi ni ya chuma cha kusubu, imewekwa 1858. Watu wanadhani kuna fundi mkubwa aliyekaa Savannah akaibuni, kumbe iliagizwa kwenye katalogi ya kiwanda cha New York, na kule Cusco, Peru, ipo nyingine inayofanana nayo. Juu kabisa kasimama mwanamke, chini yake kuna majitu nusu mtu nusu samaki yanapuliza pembe na maji yanatokea kwenye hizo pembe. Mwezi Machi kwenye sikukuu ya Mtakatifu Patrick wanatia rangi maji yote yanakuwa kijani. Hayo mnayaandikaga vizuri tu.

Sasa tukae hapohapo kwenye 1858. Mwaka uleule ambao mji ulikuwa unafurahia chemchemi mpya, mwezi Novemba, jahazi la kifahari linaitwa Wanderer lilitia nanga kisiwa cha Jekyll, kusini ya Savannah kwenye pwani hiyohiyo, likashusha Waafrika zaidi ya 400 waliotolewa upande wa Kongo. Kuingiza watumwa kutoka Afrika kulikuwa kumepigwa marufuku Marekani tangu 1808, yaani miaka 50 nzima, na mwenye mpango mzima alikuwa mfanyabiashara wa Savannah, Charles Lamar, mtu wa familia kubwa ya mjini. Walipelekwa mahakamani hapohapo Savannah na hakuna aliyetiwa hatiani kwa kuwaleta wale watu.

Miezi michache mbele, tarehe 2 na 3 Machi 1859, ukafanyika mnada kwenye uwanja wa mbio za farasi magharibi ya mji. Pierce Butler, mrithi wa mashamba ya mpunga na pamba, alikuwa kazama kwenye madeni, akaamua kuuza watu. Orodha ilikuwa na watu 436, waliouzwa ni 429, wazee, watoto wachanga na mama zao. Kabla ya mnada walilazwa kwenye mabanda ya farasi. Mvua ilinyesha siku zote mbili, ndo maana wenyewe na vizazi vyao waliuita Wakati wa Kilio, kwamba hata mbingu zililia. Na hapa Mhariri nakuomba usome kama mtu wa gazeti: habari hii tunaijua vizuri kwa sababu kuna mwandishi alitumwa na gazeti la New York, Mortimer Thomson, akaingia mle ndani akijifanya mnunuzi, ana kalamu na katalogi mkononi, anauliza bei kama wenzake, kumbe anaandika kila kitu. Ndo yeye aliyetuachia ile habari kwamba mnada ulipoisha Butler alipita kwa watu aliowauza akimpa kila mmoja dola moja, kwa sarafu mpya za senti 25. Zilizopatikana kwenye mnada ni dola 303,850.

Kwenye chemchemi hamna neno lolote la hayo. Mwenye uwezo wa kuyakuta ni yule anayejua pa kwenda: kibao cha kumbukumbu kiliwekwa 2008, ila kipo huko magharibi kwenye mitaa ambayo basi la watalii haligusi, mbele kuna maghala na reli. Hapo ndo pananikera. Mnara wa askari wa majimbo ya kusini yaliyojitenga, wale waliopigana ili utumwa ubaki, umesimama katikati kabisa ya Forsyth Park tangu 1875, mrefu, umezungushiwa fensi, juu kuna askari wa shaba kaangalia kaskazini walikotoka maadui zake. Huwezi kuvuka hiyo bustani bila kuuona. Waliouzwa 429 wamepewa kona. Mwaka 2018 mji ulibadilisha maelezo ya mnara useme unakumbuka waliokufa pande zote mbili za ile vita, na 2019 jimbo likatunga sheria kali zaidi ya kulinda minara, kwa hiyo kuuhamisha ni shughuli pevu. Sisemi ubomolewe, hiyo ni kazi ya wenye mji wao. Nasema mgeni aambiwe anasimama mbele ya nini, maana nimeona Waafrika wenzangu wamejipanga pale na familia nzima wanacheka na kamera, hawajui ni mnara wa nani, na hawana kosa, kwenye makala waliyosoma hamkuandika.

Jina la bustani nalo. John Forsyth alikuwa gavana wa Georgia kuanzia 1827 mpaka 1829, akaenda seneti akawa mstari wa mbele kutetea sheria ya kuwahamisha Wahindi Wekundu kwenye ardhi yao, alafu akawa waziri wa mambo ya nje. Sasa 1839 meli ya Kihispania iliyobeba watumwa, Amistad, ikakamatwa karibu na New York, ndani kuna Wamende kutoka Sierra Leone, walikuwa wamejikomboa wenyewe baharini wakiongozwa na Sengbe Pieh. Forsyth ndo alikuwa upande wa serikali unaotaka wakabidhiwe kwa Wahispania. Mpaka meli ya jeshi ililetwa Januari 1840 ikakaa bandarini New Haven inasubiri, ili hakimu akiamua tu vile serikali inavyotaka wapakiwe fasta wapelekwe Cuba hata nafasi ya kukata rufaa wasiipate. Hakimu akaamua kinyume, na 1841 Mahakama ya Juu ikasema ni watu huru, wale 35 waliobaki hai wakarudi kwao. Forsyth akafa mwaka huohuo. Miaka 10 baadaye bustani ikapewa jina lake. Kwa hiyo ukiandika "niko Forsyth Park" chini ya picha yako, ujue umemtaja nani.

Lakini kuna mtu mwingine kwenye hii bustani ambaye mimi ndo ananishangaza zaidi, na ningekuwa na uwezo ningemwandikia ukurasa mzima. William Hodgson, aliyetenga zile ekari 10 za mwanzo miaka ya 1840. Huyu bwana alikuwa mwanadiplomasia, alishakaa Algiers, alijua Kiarabu na lugha za Waberberi, akaja kuoa Savannah kwenye familia ya Telfair yenye mashamba makubwa, akawa mmiliki wa watumwa naye. Mwaka 1857 akawasomea wasomi wa New York karatasi yake kuhusu mtumwa mmoja wa Georgia, Mmandinka, ambaye alikuwa ameandika Injili kwa herufi za Kiarabu, ila ukiyasoma yale maneno kwa sauti sio Kiarabu, ni Kiingereza cha watumwa kama alivyokisikia yeye. Nani atamwelewa huyo mtu kuliko sisi ambao mababu zetu wa pwani waliandika tenzi na barua za Kiswahili kwa herufi hizohizo? Jina alilopewa na waliommiliki lilikuwa London. Jina alilopewa na mama yake hamna mahali nimelikuta. Na Hodgson anamsoma, anamsifia kwa wasomi wenzake, alafu anarudi nyumbani kwa watumwa wake. Mimi nikikaa kwenye benchi pale kaskazini huwa namfikiria huyo Mmandinka kuliko nilivyowahi kumfikiria gavana.

Kuna swali lingine ambalo wageni hawaulizi, nani alikuwa anaruhusiwa kukaa kwenye hizi nyasi. Hapa naomba nitoke Forsyth niende bustani nyingine ya mji huohuo, Daffin Park, upande wa mashariki. Januari 1961 vijana sita weusi walikuwa wanacheza kikapu pale mchana, uwanja ni wa umma ila ulikuwa wa wazungu, polisi wakaja wakawaambia waondoke, wakauliza kwa nini, wakakamatwa kwa kuvuruga amani. Kuvuruga amani kwa kucheza kikapu! Watano wakahukumiwa dola 100 au miezi mitano jela, wa sita dola 125 au miezi sita. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu na Mei 1963 majaji wote kwa kauli moja wakaifuta. Kipindi hichohicho mji ulikuwa unawaka, wanafunzi wanakaa kwenye migahawa ya maduka ambayo mtu mweusi alikuwa haruhusiwi kukaa, watu wamegoma kununua kwenye maduka ya Broughton Street, na kiongozi wao W. W. Law, mwenyekiti wa tawi la Savannah la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, mchana anagawa barua nyumba kwa nyumba maana alikuwa tarishi wa posta.

Najua kuna wasomaji wataniambia we ndugu mbona unatuharibia matembezi, mtu kaja likizo umempa mzigo. Mi nimewapeleka wageni wa kila aina, waliosimuliwa na wasiosimuliwa, na waliosimuliwa ndo wanaokaa zaidi. Wasiojua chochote wanamaliza Forsyth kwa nusu saa alafu wanauliza maduka yako wapi.

Na Savannah kuna mambo ya kuwapongeza kabisa, nisiwe mchoyo. Mji ulianzishwa 1733 na James Oglethorpe, akaupanga kwa skwea, yaani kila mitaa michache kuna kiwanja kidogo cha miti na mabenchi na nyumba zimekizunguka, zilifika 24 na leo zimebaki 22, na hapo mwanzo Georgia ilikuwa imekataza utumwa mpaka walipoufungulia mlango 1751. Mwaka 1954 wakabomoa soko la zamani kwenye Ellis Square wakajenga jengo la kuegesha magari, watu wakaumia, mwaka uliofuata wanawake saba wakaanzisha taasisi ya kuokoa majengo ya zamani. Lile jengo la magari baadaye nalo likabomolewa, magari yakapelekwa chini ya ardhi na juu skwea ikarudishwa, ikafunguliwa 2010, leo watoto wanacheza kwenye maji yanayoruka kutoka chini. Kurudisha kiwanja kilichoshaliwa na zege ni jambo la kuvuliwa kofia.

Jingine ni Taylor Square, ambayo ni dakika chache tu kwa mguu kutoka kwenye chemchemi na bado hakuna anayekupeleka. Ilikuwa inaitwa kwa jina la John C. Calhoun, makamu wa rais aliyetetea utumwa mpaka anakufa, na pale chini walizikwa watu weusi. Wananchi wakapigania, na 2023 baraza la mji likaipa jina la Susie King Taylor. Alizaliwa mtumwa 1848, akiwa mtoto Savannah alikuwa anakwenda shule ya siri na vitabu wanavifunga kwa karatasi ili polisi na wazungu wasione ni vitabu. Vita ilipokuja akawa nesi na mwalimu wa askari weusi, na baada ya vita akafungua shule ya watoto weusi hapohapo Savannah. Benchi za pale zina kivuli kizuri na watu wachache, kama mna wazazi waliochoka kutembea wapumzisheni pale.

Ushauri wangu kwa anayekuja ni huu, usifikie Forsyth kwa gari, maliziaga pale. Anza mtoni, kwenye mnara wa familia ya Waafrika uliowekwa 2002, baba, mama na watoto wamekumbatiana na minyororo iko miguuni imekatika, maneno ya pale ni ya mshairi Maya Angelou, ni mazito, kama uko na watoto wadogo wasomee kwa kuchagua. Alafu shika Bull Street moja kwa moja. Johnson Square ndo ya kwanza kujengwa. Wright Square ina jiwe kubwa la kumkumbuka Tomochichi, chifu wa Wayamacraw, wenyeji wa asili wa pale, aliyempokea Oglethorpe, na simameni muangalie vizuri: kaburi lake lilikuwa katikati, wakaja kuweka hapo mnara wa tajiri wa reli mwaka 1883, jiwe la Tomochichi limekuja baadaye na likawekwa pembeni. Chippewa pitia tu. Madison Square usipite haraka, kwenye ile nyumba ya Green-Meldrim ndo jenerali Sherman wa jeshi la kaskazini alifikia baada ya kuuteka mji Desemba 1864, na Januari akakutana na wachungaji 20 weusi kuwauliza watu wao wanataka nini. Msemaji wao alikuwa mzee Garrison Frazier, miaka 67, aliyejinunua yeye na mkewe kwa dola 1,000. Akajibu wanataka ardhi, wailime kwa mikono yao mpaka waweze kuinunua. Siku nne baadaye ikatoka amri ya kugawa ekari 40 kwa familia, na kabla mwaka haujaisha rais Andrew Johnson akaanza kuwarudishia ardhi mabwana wa zamani. Ukitoka hapo ni Monterey, alafu unavuka Gaston Street, umeshaingia Forsyth kwa mguu na kichwa chako kina kitu.

Kuhusu bia, watu wanasikia Savannah unaruhusiwa kutembea na kinywaji barabarani. Ni kweli, kwenye glasi ya plastiki, ila mwisho wake ni Jones Street, na bustani iko mbele ya hapo. Msije mkasema gazeti halikuwaambia. Alafu kibao cha Wakati wa Kilio hakifikiki kwa mguu na mabasi ya bure ya mjini hayaendi, tafuteni teksi au gari, ni maili chache tu.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni dogo. Safari ijayo mkiandika Savannah wekeni na ramani, na kwenye hiyo ramani kile kibao cha magharibi kiwekeni kwa alama kubwa sawa na ya chemchemi, na chini ya picha ya mnara mwandike ni mnara wa nani. Nafasi mkikosa, ondoeni ile aya ya maharusi.

Msomaji wenu,
Atlanta, Georgia